Kabla ya kuchagua bunduki, jiulize nani anabisha hodi



Wiki iliyopita kwenye grupu letu la WhatsApp, kaka mmoja tuliyekua naye hapa kambini, ambaye sasa anaishi Marekani, alituma picha tatu. Ya kwanza bastola ndogo nyeusi. Ya pili shotigani ndefu yenye kitako cha mbao. Ya tatu ile bunduki ya AR-15 ambayo wengi wetu tunaijua kwa sinema. Chini yake akaandika: "Wadogo zangu, mtaa wetu wezi wamezidi. Nataka kulinda familia yangu. Nichukue ipi?"

Si mnajua grupu letu. Siku nyingine mtu akiuliza nani ana noti za hesabu, hajibiwi mpaka kesho. Siku hiyo ndani ya saa moja meseji zilipita mia. Wengi walichagua ya tatu, eti kwa sababu ni kali na mwizi akiiona tu anakimbia. Wachache wakasema bastola kwa sababu inafichika. Halafu mmoja wetu, anayeishi hapa hapa, akaandika: "Hata sisi tungekuwa na gobore moja tu kila klasta, vibaka wangekoma." Akapigiwa makofi mengi ya emoji.

Hapo ndipo nilipoweka simu chini nikatafuta daftari. Maneno yale yalinikaa kooni, na nikaona siwezi kuyajibu kwa emoji.

Nianze kwa kusema kwamba simcheki kaka yetu. Anafanya kazi ya usiku katika kiwanda cha nyama. Anaondoka saa kumi jioni, anarudi alfajiri. Mke wake anabaki na watoto watatu kwenye nyumba ya ghorofa ya chini, na mwezi uliopita jirani yao alivunjiwa mlango. Mtu aliyekimbia Kivu akiwa mtoto, akaishi kambini miaka zaidi ya kumi, akifika mahali anapoambiwa "hapa ni kwako", hataki tena mtu amtoe. Hiyo hofu naielewa. Ninayo mwenyewe.

Kwa hiyo kwanza nilijaribu kulijibu swali lake kama alivyoliuliza. Nilisoma, nikauliza watu wanaojua, na haya ndiyo niliyoyapata.

Marekani ni nchi ambayo kumiliki silaha ni haki iliyomo kwenye katiba. Mwaka 2008 Mahakama Kuu ya nchi hiyo iliamua katika kesi ya Heller kwamba mtu ana haki ya kuweka bastola nyumbani kwake kwa kujilinda. Na haki hiyo si ya raia peke yao. Mwenye green card naye anaruhusiwa na sheria ya taifa kununua, ingawa kila jimbo lina masharti yake. Dukani bastola inauzwa kwa mwenye miaka 21 na kuendelea, bunduki ndefu kwa mwenye miaka 18. Unajaza fomu, jina lako linapelekwa kuchunguzwa, na kama hakuna tatizo unaondoka na silaha.

Lakini fomu ile si ya kuchezea. Ukidanganya ni kosa la jinai. Mtu aliyewahi kutiwa hatiani kwa kumpiga mke wake au mtu wa familia yake haruhusiwi kumiliki. Anayevuta bangi haruhusiwi, hata kama jimbo lake limeihalalisha, kwa sababu sheria ya taifa bado inaikataza. Na kuna jambo moja ambalo ndugu zetu waliopanda ndege wanatakiwa kulijua kuliko Mmarekani yeyote: mtu ambaye bado si raia, akitiwa hatiani kwa kosa la silaha, anaweza kufukuzwa nchini. Yaani unaweza kusubiri interview miaka minane, ukapimwa afya, ukaapishwa, ukafika, halafu kosa moja la bunduki likakurudisha mwanzo wa barabara. Kwa Mmarekani kosa hilo ni kesi. Kwetu ni kesi pamoja na uhamisho.

Tuje kwenye aina sasa. Bastola ni fupi, na kwa sababu ni fupi ni ngumu kulenga, hasa mkono ukitetemeka. Tena inaingia vizuri mno kwenye mkono wa mtoto. Shotigani inatupa marisau mengi kwa mpigo mmoja, na watu wanadhani haihitaji kulenga. Si kweli. Ndani ya chumba, umbali wa hatua nne au tano, marisau yanakuwa hayajatawanyika sana, kwa hiyo usipolenga utakosa. Ile AR-15 ni rahisi kuishika na kulenga, lakini risasi yake inakwenda kwa kasi kubwa.

Na zote tatu zina shida moja ambayo grupu zima halikuitaja. Nyumba nyingi za Marekani ndani zimegawanywa kwa mbao nyembamba na mbao za jasi. Risasi haisimami pale. Ukimkosa mwizi, inapita ukutani na kwenda kumtafuta aliye upande wa pili, ambaye anaweza kuwa mtoto wako, au jirani aliyelala. Ndiyo maana wale wanaofundisha silaha wana kanuni inayosema: jua kilichopo mbele ya shabaha yako na kilichopo nyuma yake. Kaka yetu anaishi nyumba ya kupanga, familia moja kulia, nyingine kushoto, nyingine juu ya kichwa chake. Nyuma ya shabaha yake kuna watu kila upande.

Halafu kuna swali la mahali bunduki itakapolala. Hili lilinisumbua kuliko yote. Ukiifungia kwenye kasha la chuma na risasi ukaziweka mbali, watoto wako salama, lakini mwizi akiingia huna muda wa kuifikia. Ukiiweka chini ya mto ikiwa na risasi, unaifikia haraka, na mtoto wa miaka minne anaifikia haraka vile vile. Vipo visanduku vinavyofunguka kwa namba au kwa kidole, navyo vinasaidia. Lakini kumbuka kaka yetu usiku hayupo nyumbani. Kwa hiyo anayetakiwa kujua kufungua, kulenga na kuamua ni mke wake, na mke wake hajaulizwa. Kwenye meseji zote zile hakuna aliyeuliza mama watoto anasemaje.

Sasa tuangalie hesabu. Mwaka 2022 zaidi ya watu 48,000 walikufa kwa risasi Marekani. Ukisikia namba hiyo unafikiri ni majambazi na polisi. Hapana. Zaidi ya nusu yao, kama 27,000, ni watu waliojiua wenyewe. Tangu 2020 silaha za moto ndizo zinazoongoza kuua watoto na vijana wa mwaka 1 hadi 19 nchini humo, zikiwa zimezipita ajali za magari.

Watafiti walifuatilia watu wazima karibu milioni 26 wa jimbo la California kwa miaka kadhaa. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2020 yalionyesha kwamba wanaume wenye bastola walikufa kwa kujipiga risasi karibu mara nane zaidi ya wanaume wasio nayo. Wanawake wenye bastola, mara 35 zaidi. Mwaka 2022 watafiti hao hao wakatoa matokeo mengine: watu wasio na bastola ila wanaishi na mwenye bastola waliuawa na watu wengine kwa kiwango cha zaidi ya mara mbili ya wale wanaoishi kwenye nyumba isiyo nayo.

Nisimame kwa haki hapa. Mamilioni ya Wamarekani wana bunduki ndani na wanazeeka bila tatizo lolote. Na wapo waliookolewa na bunduki kweli. Utafiti hauwezi kusema nyumba yako itakuwaje. Lakini mtu akinunua kitu kwa ajili ya usalama, na hesabu zinaonyesha kwamba mara nyingi kinaumiza walio ndani, ana wajibu wa kujiuliza mara ya pili.

Na hili la kujiua msilipite haraka, jamani. Sisi tumebeba mambo. Kuna kijana mwenzetu, ameniruhusu niandike bila kumtaja, aliyeniambia kwamba kuna usiku mmoja baada ya kesi yake kukataliwa alikuwa ameamua. Hakuwa na njia ya haraka karibu. Akakaa mpaka kukapambazuka, rafiki yake akaja kumwita wakachote maji, akaenda. Leo ana mtoto. Aliniambia, "Usiku ule kama kungekuwa na bunduki ndani, usingekuwa unaongea na mimi." Usiku mbaya unapita, lakini ukiwa na bunduki karibu, hausubiri upite. Kama wewe unayesoma una usiku wa namna hiyo, mwambie mtu leo, mwambie mshauri nasaha, mchungaji, shehe, au mimi. Usikae nao peke yako.

Sasa niseme kuhusu hodi.

Sisi tumelelewa kwamba mtu akifika nyumbani kwa watu anasimama, anasema hodi, anasubiri karibu. Kati ya hodi na karibu kuna muda mfupi ambao mwenye nyumba anajiuliza: ni nani huyu? Mwenye bunduki mkononi naye ana muda huo huo, lakini jibu lake likiwa la makosa halirudi.

Mwaka 1992 kijana Mjapani wa miaka 16, Yoshihiro Hattori, alikuwa mwanafunzi wa kubadilishana katika mji wa Baton Rouge, Louisiana. Alikuwa anaenda kwenye sherehe na mwenzake, wakakosea nyumba, wakabonyeza kengele. Mwenye nyumba akatoka na bastola akamwamuru asimame. Kijana yule, ambaye Kiingereza alikuwa bado anajifunza, akaendelea kusogea. Akapigwa risasi akafa. Mahakama ya jinai ilimwachia huru aliyempiga, baadaye kesi ya madai ikamwamuru kulipa fidia. Mwaka 2023 huko Kansas City, Missouri, kijana mwingine wa miaka 16, Ralph Yarl, alitumwa kuwachukua wadogo zake. Akabonyeza kengele ya nyumba isiyo yenyewe kwa sababu majina ya mitaa yanafanana. Mzee wa miaka 84 akampiga risasi kichwani kupitia mlango. Mungu alisaidia, huyu alipona.

Nilipozisoma habari hizi sikujiona kwenye nafasi ya mwenye nyumba. Nilijiona pale nje. Sisi ndio wageni tunaokosea nyumba. Sisi ndio ambao Kiingereza chetu ni cha kuokoteza, tunaobonyeza kengele tukiwa na karatasi yenye anwani, tunaoambiwa "simama" tukadhani tunakaribishwa. Kaka yetu anataka kuingia upande wa wenye bunduki kwenye mlango, na watoto wake kila siku wako upande wa wanaobisha.

Nisiongelee Wamarekani peke yao, mtasema naona kibanzi cha mwenzangu. Nieleze langu.

Kuna mwaka vibaka waliingia kwenye klasta yetu usiku wa mvua. Walichukua simu mbili, sola, na mahindi ya posho ya mama mmoja mjane. Tulipiga namba tuliyopewa, haikupokelewa. Kesho yake nilinoa panga nikaliweka kando ya godoro. Nilijiona mwanaume. Kwa muda wa wiki tatu nililala kama sungura, jicho moja wazi, mkono karibu na mpini.

Usiku mmoja mlango wetu ukatikiswa. Mlango wenyewe ulikuwa fremu ya mbao na turubai. Sikusikia hodi. Niliona kivuli cha mtu mrefu kinasukuma turubai, nikainuka na panga juu. Mdogo wangu wa kike akapiga kelele, na ile kelele ndiyo iliyookoa, kwa sababu aliye nje alijibu: "Ni mimi, baba, ni mimi!" Alikuwa mzee jirani. Mke wa mtoto wake ameshikwa na uchungu, anatafuta vijana wa kumsaidia kumbeba mpaka hospitali. Hakusema hodi kwa sauti kwa sababu naye aliogopa vibaka wasimsikie.

Tulimbeba yule dada. Mtoto alizaliwa salama kabla hakujakucha. Mimi nilikaa nje ya wodi mikono inatetemeka. Panga linahitaji hatua mbili na kuinua mkono, na ndani ya zile hatua mbili mdogo wangu alipata nafasi ya kupiga kelele. Ningekuwa na bunduki, ningemaliza kila kitu nikiwa nimekaa kitandani. Turubai halizuii hata upepo, sembuse risasi. Yule mtoto anakua, ananiita mjomba, na kila akiniita nakumbuka mlango ule.

Tena kuna ya baba yangu mdogo, kule Fizi. Alikuwa na duka dogo la chumvi, sabuni na betri. Akachoka kuibiwa, akanunua bunduki kwa askari mmoja aliyetoroka jeshini. Kijijini hakuna siri. Haikupita miezi mingi, watu wenye silaha wakaja usiku. Hawakugusa sabuni wala chumvi. Walisema, "Tupe chuma." Walikipata, wakampiga, wakamwambia yeye ni wa kundi jingine. Wiki iliyofuata wakaja wanajeshi, nao wakauliza: bunduki ulitoa wapi na umempa nani? Akaacha duka wazi, akavuka ziwa. Bunduki aliyoinunua ili ilinde duka ndiyo iliyolifunga duka. Kule kwetu nyumba yenye bunduki haiogopwi, inatafutwa.

Kwa hiyo yule aliyeandika kwamba tupate gobore kila klasta, nakujibu wewe sasa, ndugu yangu, bila hasira.

Kwanza sheria. Hapa Tanzania silaha inamilikiwa kwa kibali chini ya Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015. Na mkimbizi anapoingia nchini, kama ana silaha, anatakiwa kuisalimisha. Ukikamatwa na gobore, si wewe peke yako utakayeulizwa. Kambi nzima itaitwa kambi ya wahalifu, na wale wanaosema wakimbizi ni hatari watapata ushahidi waliokuwa wanautafuta.

Pili historia, na hii inatuhusu moja kwa moja. Kati ya 1994 na 1996 makambi ya wakimbizi yaliyokuwa mashariki ya Zaire yaliingiwa na wanajeshi na wanamgambo wenye silaha, waliojichanganya na mama na watoto. Mwisho wake wote tunaujua. Mwaka 1996 makambi yale yalishambuliwa, vita ikasambaa Kivu yote, na maelfu ya watu wasio na hatia wakafa au wakakimbia. Wazazi wetu walikimbia vita hiyo hiyo. Nyarugusu ilifunguliwa Novemba 1996 kuwapokea. Yaani kambi tunayoishi ipo kwa sababu kuna makambi mengine yaliyoruhusu bunduki ndani. Mtu anayetaka kuleta gobore hapa hajui amesimama juu ya nini.

Tatu, tujisemee ukweli kuhusu sisi wenyewe. Mwizi akikamatwa hapa, mnajua kinachotokea. Wananchi wenye hasira kali. Mawe, virungu, na asubuhi tunagundua mwingine hakuwa mwizi, alikuwa ametoka kuangalia mpira. Kama hasira yetu yenye mawe iko hivyo, tuipe risasi?

Lakini sitaki kumaliza kwa kusema "hapana" tu. Mtu akikwambia ameibiwa, ukamjibu kwa mahubiri, hujamsaidia. Nyumba lazima ilindwe. Nieleze tulichofanya klasta yetu baada ya usiku ule wa panga.

Kwanza milango. Tulipita nyumba kwa nyumba tukahesabu milango ya turubai. Tulianza na ya wajane na ya wazee. Vijana wakakusanya mbao kidogo kidogo, fundi wetu akaomba misumari tu. Kila mlango ukawekewa komeo la ndani. Komeo la mbao halimzuii mwizi mwenye shoka, lakini linampa kazi, na kazi inatoa sauti, na mwizi hapendi sauti. Wengine walifunga kamba yenye makopo matupu nyuma ya nyumba. Ukiigusa gizani, kijiji kizima kinajua.

Pili, filimbi. Tulikubaliana: mlio mmoja mrefu ni mwizi, milio mitatu mifupi ni mgonjwa. Ukisikia mrefu, unawasha tochi na kutoka pamoja na jirani, si peke yako. Ukisikia mifupi, unakuja na machela.

Tatu, utaratibu wa hodi. Anayekuja usiku anasimama hatua chache kutoka mlangoni, anajimulika usoni kwa tochi, anasema jina lake na namba ya nyumba yake, anasubiri. Aliye ndani anauliza kabla ya kufungua na kabla ya kushika chochote. Ni kitu kidogo, hakina gharama, na nawaambia ndicho kilichonirudishia usingizi kuliko panga.

Nne, sungusungu. Hawa ni wakimbizi wenzetu, hawana bunduki, wana tochi, filimbi na rungu. Tuliacha kuwacheka. Vijana wawili wawili tukaanza kuzunguka nao kwa zamu, na mwizi akikamatwa anapelekwa polisi akiwa mzima. Wezi hawajaisha, nisiwadanganye. Mwezi huu tu wameiba baiskeli. Lakini hakuna aliyekatwa, na hakuna aliyekufa.

Na hapa naomba niwageukie wafanyakazi wa mashirika. Mnapotuambia "msijichukulie sheria mkononi", mnasema kweli. Lakini mtu anaacha sheria mikononi mwa wengine pale anapojua wengine wapo. Namba ya simu ya dharura isiyopokelewa saa nane usiku ni mbaya kuliko kukosa namba, kwa sababu inafundisha watu kwamba wako peke yao. Taa ya sola ikizimika karibu na choo cha wanawake, msihesabu kama ni balbu moja, hesabuni mabinti wanaoacha kunywa maji jioni ili wasitoke usiku. Sungusungu akiishiwa betri ya tochi anakuwa mtu tu anayetembea gizani. Mbao, makomeo, betri, mabuti na makoti ya mvua havipendezi kwenye picha za ripoti, lakini kijana anayefikiria gobore anaanza kulifikiria pale vitu hivi vinapokosekana. Mkija na semina ya amani, njooni pia na misumari.

Nirudi kwa kaka yetu. Kwa desturi yetu ya Kikongo namwita yaya, maana ni mkubwa wangu. Nilimrekodia sauti ndefu. Nilimwambia: Yaya, kabla ya picha zile tatu, weka kitasa cha pili na ule mnyororo wa mlangoni. Weka taa inayowaka yenyewe mtu akipita. Mfundishe mama watoto kupiga 911 na kutaja anwani yenu kwa Kiingereza, mpaka watoto nao waijue kwa kichwa. Nendeni mkawasalimie majirani wa kulia, wa kushoto na wa juu, muwape namba zenu, maana jirani anayejua jina lako ndiye atakayesikia kelele zako. Na kama bado utataka kununua, amueni wawili, ninyi na mama, msome sheria ya jimbo lenu, mfundishwe wote, na kasha la chuma linunuliwe siku moja na bunduki, si mwezi ujao pesa ikipatikana. Na mmoja wenu akipita kwenye huzuni nzito, itoke ndani ya nyumba.

Alinijibu baada ya siku mbili. Alisema, "Mdogo wangu, umeongea vizuri. Lakini wewe hulali hapa."

Ni kweli. Silali pale, na sina cha kubishana naye kwa hilo. Sijui ataamua nini. Aliniambia tu kwamba Jumapili amemwomba mke wake wakae waongee, na kwamba jirani wa juu anaitwa nani sasa anajua.

Mimi ninalala hapa. Mlango wangu siku hizi ni wa mbao, komeo lake nimelichonga mwenyewe. Panga limerudi shambani linakofanya kazi yake. Usiku mtu akija anajimulika uso, anataja jina, anasema hodi. Nami kabla ya kushika kitu chochote, nauliza: nani mwenzangu?